Awali Simiyu: mtaala unasema mchezo, darasani ni "a-e-i-o-u"

Ukipita karibu na shule ya msingi vijijini Bariadi asubuhi, iwe Sapiwi au kata jirani, darasa la awali utalijua kwa sauti kabla hujaliona. Mwalimu anataja, watoto wanaitikia. A, e, i, o, u. Moja, mbili, tatu.

Wazazi wengi wakisikia hivyo roho zao zinatulia: watoto wanasoma. Lakini mtoto akirudi nyumbani na kusema "leo tumecheza", mzazi anakunja uso. Kwani nimempeleka shule akacheze? Michezo si ipo hapa hapa nyumbani?

Swali hilo si la kijinga. Ila jibu lake linategemea kitu ambacho hakizungumzwi sana: idadi ya watoto na watu wazima walio ndani ya chumba kile.

Karatasi inasema nini

Kwenye karatasi, ubishi huu uliisha zamani. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ulitaja umahiri wa aina 6: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na dhana za kihisabati. Njia kuu ya kuufikia ni michezo, nyimbo, hadithi na kona za ujifunzaji. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, haukuachana na msimamo huo.

Mtaala wa 2016 uliweka pia sharti moja zito: mwalimu 1 kwa watoto 25.

Mwaka huohuo wa 2016 ndipo elimu ya msingi bila ada ilipoanza, awali ikiwemo. Watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wakaandikishwa. Ni jambo jema, hakuna anayelipinga. Lakini madarasa yalifurika, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Piga hesabu

Chukua darasa la watoto 100, mwalimu mmoja, saa 3 kwa siku. Hizo ni dakika 180. Mwalimu akimgawia kila mtoto muda wake, kila mmoja anapata chini ya dakika 2. Hapo hujatoa muda wa uji, wa kwenda chooni na wa kumbembeleza anayelia.

Katika hali hiyo, kuimbisha ndiyo njia pekee inayowaweka watoto wote pamoja bila vurugu. Mwalimu hajaukataa mtaala. Mazingira ndiyo yamemchagulia mbinu.

Kisukuma nyumbani, Kiswahili darasani

Simiyu kuna jambo la pili. Watoto wengi vijijini wanafika awali wakiwa wanaongea Kisukuma, na lugha ya kufundishia ni Kiswahili.

Wimbo wa pamoja unaficha tatizo hilo. Mtoto anaweza kuitikia "hii ni meza" mwezi mzima bila kujua meza ni nini, maana sauti yake imemezwa na za wenzake. Anafika darasa la kwanza, anaanza KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na hapo ndipo inagundulika kwamba maneno yenyewe hayajui.

Kwenye mchezo hilo linaonekana mapema. Mwambie mtoto "niletee ng'ombe wawili wakubwa" kati ya ng'ombe wa udongo waliofinyangwa na wenzake. Akileta mmoja mdogo, umeshajua pa kuanzia: ni neno "wawili", ni neno "wakubwa", au ni hesabu yenyewe.

Mzazi naye ana hoja

Wanaotetea mchezo nao wasijisahau. Mchezo usio na mwelekeo ni mapumziko tu. Mtoto akiachwa uwanjani saa 3 na mwalimu yupo ofisini anajaza fomu, mzazi ana haki ya kulalamika.

Kuna njia ya katikati: mchezo unaoongozwa. Mwalimu anajua anachotaka mtoto ajifunze, anaandaa mchezo, kisha anauliza maswali huku mtoto akicheza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha mwaka 2022 uchambuzi wa tafiti 39 kuhusu njia hii. Waligundua kuwa haipitwi na ufundishaji wa moja kwa moja, na kwenye baadhi ya mambo, hisabati za mwanzo zikiwemo, inafanya vizuri zaidi.

Tukumbuke tu kwamba sehemu kubwa ya tafiti za aina hii imefanyika kwenye nchi zenye madarasa madogo. Huwezi kuchukua matokeo hayo ukayabandika kwenye chumba cha watoto 100.

Vifaa havina shida. Mdako unafundisha kuhesabu, kujumlisha na kutoa kwa mawe tu na kashimo kadogo. Vizibo vya soda, mbegu za pamba na magunzi ya mahindi vipo kila kijiji. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na kundi la watoto 20 wakati mwenzake anakaa na kundi lingine.

Simiyu ilishaonja

Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 hadi 2020. Ndani yake kulikuwa na mafunzo ya utayari wa kuanza shule kwa watoto wasiofikiwa na awali. Yalianza yakiwa ya wiki 12, baadaye yakafika 16. Yalijengwa juu ya hadithi na michezo, na waliofundisha walikuwa wasaidizi waliotoka kwenye jamii hiyo hiyo. Mtu wa kijijini anajua lugha ya watoto, na wazazi wanamjua.

Mradi uliisha. Tangu 2022 upo mwingine, Shule Bora, na Simiyu imo tena. Lakini miradi ina tarehe ya mwisho, na watoto wa miaka mitano wanakuja kila Januari.

Sasa iweje?

Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa mazao, pamba ikiwemo. Posho ya msaidizi mmoja kwa kila darasa la awali lililofurika ni jambo ambalo madiwani wanaweza kulijadili kwenye bajeti bila kusubiri mfadhili. Mwalimu mkuu naye anaweza kuacha tabia ya kumchomoa mwalimu wa awali kwenda kuziba pengo darasa la nne, kana kwamba vidudu wanaweza kujifundisha.

Na mzazi? Kwenye kikao kijacho cha shule, kabla ya kuuliza mtoto wako ameandika kurasa ngapi, uliza maswali mawili. Darasa la awali lina watoto wangapi? Na lina watu wazima wangapi? Majibu hayo mawili yatakuambia kama mtoto wako anajifunza, au anaitikia tu.