Si Kila Kisu ni cha Mjerumani

Kwa miaka kumi na miwili niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, droo ya chini ya meza yangu ilikuwa gereza la visu. Watoto wa shule ya mazoezi iliyopakana na chuo walikuja navyo mifukoni, visu vya kukunja vya kila namna, walimu wakawanyang'anya, vikaletwa kwangu, nami nikaahidi kuvirudisha mwisho wa muhula. Wachache walivifuata. Wengi waliogopa. Siku nilipostaafu nilikabidhi funguo, majalada, samani na gari bovu, lakini hakuna aliyeulizia visu, nikaondoka navyo thelathini na saba ndani ya kikapu cha ukindu. Nilidhani ni visu vya dukani tu. Kumbe baadhi vilitoka katika masanduku ya babu zao. Ndivyo nilivyoanza kuwa mkusanyaji, kwa mali ya watoto wa watu. Nalikiri hilo mapema kwa sababu katika kurasa hizi nitawasema wengine kwa ukali, na msomaji anayo haki ya kujua kwamba msemaji mwenyewe si malaika.

Ugomvi wangu ni huu. Kwetu kusini kila kitu cha kale ni cha Mjerumani. Ukuta uliobomoka ni wa Mjerumani, chuma kilichookotwa shambani ni cha Mjerumani, na wapo watu wazima, wenye akili zao, wanaochimba mashimo usiku wakitafuta hazina ya Mjerumani. Kisu nacho hakikusalimika. Mchuuzi wa vitu vya kale akiletewa kisu cheusi chenye kutu haulizi swali hata moja. Anasema ni cha Mjerumani, cha Vita vya Kwanza, na bei inapanda hapo hapo. Wakusanyaji, na baadhi yao ni rafiki zangu, wanalipa. Nasema huu ni uongo, tena uongo wa kivivu, maana kisu chenyewe aghalabu kimebeba cheti chake cha kuzaliwa, na kukisoma hakuhitaji shahada.

Fungua bapa lote. Tazama shinani, karibu na msumari linapokunjia, pahali ambapo jiwe la kunolea halifiki. Hapo ndipo watengenezaji walipopiga mhuri. Chukua lensi, simama karibu na dirisha, uache mwanga uje kwa ubavuni. Herufi zilizolika huonekana vizuri zaidi mwanga ukitoka pembeni kuliko ukitoka juu. Kisha ushike kanuni moja ambayo wanachuo wangu wa somo la historia waliisikia hadi wakachoka: kitu hakiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko sehemu yake iliyo changa kuliko zote.

Chuma kisichoshika kutu, mathalani, Harry Brearley wa Sheffield alikipata mwaka 1913. Kwa hiyo bapa lililoandikwa Stainless, au Rostfrei kwa Kijerumani, haliwezi kuwa la wakati wa Maji Maji, hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Bakelaiti, ile plastiki ya kwanza ya sintetiki kabisa, ilibuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907; mpini wa bakelaiti basi hauwezi kutangulia hapo. Jina la nchi nalo ni shahidi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, ikaanza kufuatwa 1891, na toka hapo maneno England na Germany yakazidi kuonekana kwenye mabapa. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa hisabati, alilipa bei ya mbuzi beberu kwa kisu alichoambiwa kilikuwa cha afisa wa von Lettow-Vorbeck. Nilipokifungua nikasoma: West Germany. Nchi yenye jina hilo ilianza 1949 ikaisha 1990. Nikamwuliza afisa wake alikuwa na umri gani alipokinunua. Hakucheka.

Wapo watengenezaji waliowarahisishia watu kazi. Kiwanda cha Case cha Marekani kilipiga nukta kumi chini ya jina lake mwaka 1970, kisha kila mwaka kikapunguza moja, na anayejua kuhesabu anaujua mwaka. Kisu cha Opinel cha Ufaransa, kile chenye mpini wa mti, kikiwa na pete ya kulizuia bapa lisijikunje, si cha kabla ya 1955, kwa kuwa pete hiyo ilibuniwa mwaka huo. Visu vya askari wa Uswisi vya mtindo wa 1961 vimepigwa mwaka kwenye shina la bapa. Hapo hata mvivu hana udhuru.

Lakini sitaki nieleweke kwamba mhuri peke yake unatosha. Jina la Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield lilisifika mno hata likaigwa na wasiohusika nalo, na majina mengi ya mji ule yameuzwa na kununuliwa mara kadhaa, jina likabaki na mtengenezaji akabadilika. Mpini huvunjika ukawekwa mwingine. Bapa nalo hubadilishwa. Kanuni yangu inakwambia kisu hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka fulani. Haikwambii kilitengenezwa mwaka gani hasa. Mkusanyaji mwaminifu husema "si kabla ya 1913" na kunyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo linalotushinda.

Sasa niwageukie watu wa msasa. Kuna ugonjwa wa kuvisugua visu vya kale ving'ae kama vijiko vya harusi. Mnunuzi anapenda king'aavyo, muuzaji anashika brashi ya waya, na katika dakika tano weusi wa uzee, alama za jiwe la mwenyewe na mhuri vyote vinakwenda na vumbi. Nina haki ya kuusema ugonjwa huu kwa kuwa niliugua mwenyewe. Mwaka 1988 mzee mmoja alinipa kisu kidogo cha kuchongea kalamu, cha Rodgers, chenye mpini wa pembe ya ndovu. Huenda pembe ile ilitoka huku kwetu, ikabebwa mabegani mwa watu hadi pwani, ikapita Unguja, ikarudi kwetu imekuwa mpini. Sitaapa juu ya hilo. Ninachoweza kuapa ni kwamba nilikisugua Jumamosi nzima kwa msasa. Rodgers walikuwa watengenezaji wa visu wa wafalme wa Uingereza, wakipiga herufi mbili na taji katikati: V na R ni za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901, E na R ni za Mfalme Edward, hadi 1910, G na R zinasumbua, maana wafalme wa jina George walikuwa kadhaa, ila likifuatana na neno England unaanza kuwafikiria wale wa karne ya ishirini. Juu ya kisu changu limebaki taji na R. Herufi ya kwanza niliisugua mimi. Kwa Jumamosi moja nilijipatia shaka ya zaidi ya miaka mia.

(Anayefikiri kuuza kisu cha pembe nje ya nchi akumbuke uamuzi wa kimataifa wa mwaka 1989 kuhusu biashara ya pembe za ndovu. Changu hakiuzwi.)

Hadi hapa msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya wazee wasio na kazi. Kisu kikiitwa cha Mjerumani na si cha Mjerumani, nani ameumia? Swali hilo niliulizwa na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, mbele ya ukoo mzima, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Tulikuwa tumekutana kwa ajili ya arobaini. Baada ya chakula kaka alileta kitambaa cheupe, akakifungua, akatoa kisu cha kukunja, kinene, chenye kibanio cha kufungia kamba, akawasimulia watoto habari tuliyoisikia sote tangu utotoni: kwamba babu yetu, alipokuwa mpagazi wa Waingereza katika vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, alimpokonya afisa wa Kijerumani kisu hicho kwa mikono yake. Watoto wakapiga makofi. Kaka akaongeza kwamba mnunuzi kutoka mjini amekwisha kutaja bei, na kwamba habari yenyewe itaandikwa kwenye kitabu cha ukoo. Nikaomba nikishike. Mipini ya plastiki nyeusi yenye mikwaruzo ya miraba. Bapa moja, kifungua kopo kimoja, na mgongoni sindano nene ya chuma ya kulegezea mafundo ya kamba. Nikatoa lensi. Kwenye shina la bapa palikuwa na mshale mfupi, mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Chini yake neno Sheffield. Na chini ya Sheffield, dhahiri kama namba ya daftari, 1943.

Babu alikufa 1938.

Pengine ningenyamaza. Mke wangu anasema ningenyamaza. Mimi nilisoma mwaka ule kwa sauti. Kaka akaniambia, "Mwalimu, umekuja msibani kutusahihisha mitihani?" Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichonifanya niendelee. Nikauliza ni nani katika ukoo wetu aliyekuwa jeshini mwaka 1943. Kimya. Kisha shangazi yetu, aliyekuwa akikaribia miaka tisini, akasema kutoka mkekani, "Si mdogo wangu? Si yule aliyekwenda Bama?"

Baba yetu mdogo. Alichukuliwa King's African Rifles, akapelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, walioteremka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 wakizama matopeni hadi Kalewa. Alirudi 1946 akiwa na homa zisizokwisha na maneno machache. Hakuoa. Hakupata mtoto. Alikufa 1959, nami nilikuwa na miaka minane. Ninamkumbuka akinimenyea muwa barazani, ila kumbukumbu za mtoto siziwasilishi hapa kama ushahidi, maana ndizo ninazozipiga vita. Wala sidai kwamba mhuri unataja jina lake. Vifaa vya jeshi viliuzwa sana baada ya vita, na kisu kama kile kingeweza kununuliwa sokoni. Nadai jambo moja tu: babu hakukishika. Lililobaki alilisema shangazi, kwamba kaka zake walimwona nduguye akishuka garini na kisu kile kimening'inia kiunoni. Nikamwuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Akajibu, "Hamkuniuliza. Mlikuwa mnamsikiliza Mjerumani."

Sasa nimjibu kaka. Aliyeumia ni mtu aliyekufa bila mtoto wa kumsemea. Babu ana wajukuu hamsini na watatu. Sifa zake hazihitaji kisu. Alikuwa mpagazi, mmoja wa maelfu waliobeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, ambao Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina lao hadi leo, na hilo ni kweli na ni zito kuliko kumpokonya mtu kisu. Lakini baba mdogo alikuwa na kitu kimoja tu hapa duniani kilichosema kwamba alikwenda Burma akarudi, na tukakichukua, tukampa mtu mwingine, kwa sababu Mjerumani anasimulika vizuri zaidi na anauzika bei kubwa zaidi. Mchuuzi anayesema "cha Mjerumani" anadhani anaongeza hadithi. Anafuta moja ili aweke nyingine, na anayefutwa mara nyingi ni askari wa kawaida wa 1943 asiye na mtu wa kubisha kwa niaba yake.

Wakusanyaji wenzangu nao wana lao. Nimewaona wakishika kisu cha jeshi chenye mshale na mwaka, wakakirudisha mezani, kwa kuwa "hivyo viko vingi". Ndiyo, viko vingi. Waliopelekwa kule walikuwa wengi. Kama wingi unakipunguzia kitu thamani, basi sisi tulioitwa walimu tulipoteza muda wetu na madarasa ya watoto arobaini na watano.

Kaka hakunipokelea simu kwa miaka miwili. Mnunuzi alipunguza bei aliposikia habari ya 1943, kwa hiyo kisu hakikuuzwa, na katika kitabu cha ukoo ukurasa ule umeachwa mtupu. Si cha babu, si cha baba mdogo. Nilichoogopa zaidi ni msasa. Mtu akitaka kunishinda hoja hana haja ya kubishana nami, atasugua kidogo tu hapo shinani, na mshale utakwenda na mwaka wake. Shangazi hayupo tena wa kuulizwa.

Mwezi uliopita mjukuu wa kaka alikuja nyumbani, akaniamkia, akasimama mlangoni kama mtoto aliyeagizwa kwa mwalimu mkuu. "Babu amenituma nikwambie kwamba kile kisu hakisugui," akasema. Nikamwuliza kama kuna jingine. Akasema hakuna. Nilimpa lensi yangu ya akiba ampelekee. Kaka hajanijibu.