Zawadi si mkataba: tujadili Léopards mpaka mwisho

CAN ya Morocco ilianza tarehe 21 Desemba 2025, na hapa Kindu mabishano yalianza mbele ya mpira wenyewe. Kasuku, Mikelenge, mpaka ng'ambo kule Alunguli, ndani ya mitumbwi na pahali wenye pikipiki wanangojea wateja, kila mtu amekuwa kocha. Kundi letu lilijulikana: Senegal, Benin, Botswana. Mmoja anasema Senegal hatuiwezi, kwani mwezi wa Septemba tuliiongoza 2-0 pale Stade des Martyrs, wakatugeuza 3-2 mbele ya macho yetu. Mwingine anajibu kwamba mwezi wa Novemba tuliwatoa Cameroon na Nigeria katika siku tatu, sasa Senegal ni nani? Wa tatu anatoa simu, anahesabu pointi.

Hiyo ni vizuri. Mji wenye watu wanabishana juu ya ekipe yao ni mji wenye uzima. Na tusidanganyane: shabiki wa Kindu anajua hesabu kuliko wakubwa wengi wenye kukaa ofisini. Muulize juu ya CAN ya kule Côte d'Ivoire, mwanzo wa mwaka 2024, atakuambia bila karatasi: Zambia 1-1, Morocco 1-1, Tanzania 0-0. Kisha Misri 1-1, na kwenye penalti Lionel Mpasi, kipa mwenyewe, akapiga ile ya mwisho na kutuingiza robo fainali. Kisha Guinea 3-1. Kisha tarehe 7 Februari, Côte d'Ivoire 0-1. Kisha Afrika ya Kusini 0-0, na penalti zikatukataa.

Juu ya hesabu hiyo kuna kambi mbili mpaka leo. Kambi ya kwanza inasema: mechi 7, ushindi 1 tu ndani ya dakika 90, ile ni bahati, si mpira. Kambi ya pili inasema: mechi 7, tumefungwa mara 1 tu bila kuhesabu penalti, tumemaliza wa 4 katika Afrika nzima, ile ni kazi. Wote wawili wanasema kweli. Ni hesabu moja, kila mmoja anaisoma kwa upande wake. Mimi niko na kambi ya pili, sababu mtu mwenye kutoka sare na Morocco, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022, hakulala.

Lakini kuna nusu ya mabishano yenye tunaacha kila mara.

Mimi ni mtu wa sindika ya wafanyakazi wa madini. Ku karieri, kama uzito wa kasiterite unapungua mwisho wa mwezi, neno la kwanza la mkubwa ni hili: watu wamekuwa wavivu. Sisi wa sindika tunauliza maneno mengine. Taa ziko? Buti ziko? Mbao za kushikilia shimo ziliwekwa? Mshahara umechelewa miezi mingapi? Si kwamba tunamtetea mvivu. Mvivu yuko, tunamjua hata jina. Lakini mtu mwenye kupima kazi bila kuuliza ilifanywa namna gani amepima nusu tu. Kwa mpira tunafanya sawa na yule mkubwa. Tunahesabu mabao, tunahesabu penalti, tunamtukana mtu mmoja, tunaenda kulala.

Ona mwaka 1974. Wazee wetu wangali wanaongea habari yake, na vijana wanaijua kwa kicheko cha wazungu. Mwaka ule Zaire ilichukua Kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika shindano moja, na mpaka leo hakuna mtu amefikia pale. Miezi michache kisha, ekipe ileile ikaenda Kombe la Dunia kule Ujerumani ya Magharibi, ya kwanza kutoka Afrika chini ya Sahara. Scotland 0-2. Yugoslavia 0-9. Brazil 0-3. Dunia ikacheka. Ikacheka zaidi pale Mwepu Ilunga alitoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali mbele Wabrazil hawajagusa frikiki yao. Wakasema: Waafrika hawa hawajui hata sheria.

Hapa kwetu mabishano ya 1974 yaligeuka kuwa ya kipa. Kocha Vidinić, mwenye alikuwa Myugoslavia, alimtoa Kazadi wakati tulikuwa tumefungwa 3, akamuingiza Tubilandu. Mpaka leo kuna wazee wanaapa kwamba aliuza mechi kwa ndugu zake. Miaka zaidi ya 50 tunamjadili kipa. Na jambo lenyewe liko pembeni: wachezaji walisimulia kwamba kisha mechi ya Scotland walijua kuwa pesa yao haitafika, imepotea mikononi mwa wakubwa waliosafiri nao. Walitaka kukataa kuingia uwanjani. Waliingia na moyo umekufa, wakafungwa 9. Mwepu mwenyewe alieleza miaka mingi kisha kwamba mbele ya mechi ya Brazil waliambiwa, wakifungwa zaidi ya 3 wasirudi nyumbani. Sheria ya frikiki aliijua vizuri. Alikuwa mfanyakazi mwenye hasira na woga, basi.

Lakini watu hao si Mobutu aliwapa nyumba na magari mbele ya kwenda? Ndiyo, aliwapa. Na pale ndipo liko somo. Zawadi si mkataba. Zawadi inatoka siku mkubwa amefurahi, inakatika siku amekasirika, na huwezi kuidai mbele ya mtu yeyote. Ndaye wa mabao 9 alimaliza maisha yake ugenini, Afrika ya Kusini, katika shida, akafa kule mwaka 2019. Zawadi zote zile hazikumlinda uzeeni.

Sasa twende Novemba 2025. Tarehe 13 kule Rabat, Chancel Mbemba akaifunga Cameroon dakika za mwisho kabisa, 1-0. Tarehe 16, Nigeria 1-1, tukaenda penalti. Mbele ya penalti kocha Desabre akamtoa Mpasi, shujaa wa mwaka 2024, akamuingiza Timothy Fayulu. Wengi hapa walishika kichwa. Fayulu akazuia 2, Mbemba akapiga ya mwisho, 4-3, na Kindu haikulala. Kumbe kazi ni ileile ya Vidinić: kubadili kipa katikati ya moto. Ingeshindikana, leo tungekuwa tunatafuta Desabre aliuza mechi kwa bei gani. Kocha wa Nigeria yeye aliona ni uchawi, akasema mtu wa Kongo alikuwa anafanya mambo yake wakati wa penalti. Hapa tulicheka sana. Lakini tuseme kweli, ni mara ngapi sisi pia tunaita uchawi kitu chenye kilikuwa mazoezi?

Siku chache mbele ya hapo, wachezaji wa Nigeria walikataa kufanya mazoezi kwa sababu ya primu zao za zamani ambazo hazijalipwa. Nilisikia wandugu hapa Kindu wakisema: wale wanapenda pesa kuliko bendera. Basi muangalie kilichofuata. Walisikilizwa, wakarudi kazini, na kisha siku mbili wakaifunga Gabon 4-1. Mgomo haukuwaangusha. Kilichowaangusha ni Fayulu. Mtu mwenye kudai haki yake mbele ya kazi ni bora kuliko mwenye kunyamaza na kuingia uwanjani na moyo umekufa.

Kuna mfano mwingine wa jirani, na wengi hapa hawaujui kwa sababu ni wa mchezo ambao sisi hatuchezi: kriketi. Ni mchezo wa Waingereza, mtu anarusha mpira mgumu, mwingine anaupiga na ubao, wanahesabu mbio, na mechi moja inaweza kuchukua siku nzima. Mwaka 2003 Kombe la Dunia la mchezo huo, lile la mechi za siku moja, lilifanyika Afrika ya Kusini, na mechi zingine Zimbabwe na Kenya. Wakenya, chini ya kapteni Steve Tikolo, waliifunga Sri Lanka palepale Nairobi tarehe 24 Februari. Kijana Collins Obuya akawatoa Wasri Lanka 5 peke yake. Wakafika nusu fainali. Nchi ndogo kama hiyo katika kriketi haikuwa imefika pale hata siku moja. India ikawasimamisha Durban.

Mashabiki wao walibishana sawa na sisi. Wengine walisema ni bahati: New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa kuogopa usalama, pointi zikatolewa bure. Wengine wakasema hapana, tumewafunga Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe uwanjani. Mabishano mazuri. Lakini wakati watu wanabishana kama ni bahati au kazi, ndani ya nyumba wachezaji na chama chao waligombana juu ya malipo, mpaka migomo, mpaka mwaka 2005 uongozi wa zamani ukaondolewa. Ekipe haikupona. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hata cheo cha kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Kutoka nusu fainali ya dunia mpaka mlangoni, miaka 11.

Tuweke hiyo akilini, wandugu. Sisi pia tulifika nusu fainali, mwaka 2024. Sisi pia tulifika mlangoni mwa Kombe la Dunia: Machi 2026, kule Mexico, tulipangwa kucheza na mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia. Wakati wa kuuliza maswali ni sasa, tukiwa na furaha. Siku ya kufungwa hakuna mtu anauliza, watu wanatukana tu.

Na hatuna haja ya kwenda mbali. AS Maniema Union, mtoto wetu, ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Tarehe 26 Novemba 2024 ilikwenda Pretoria ikatoka 0-0 na Mamelodi Sundowns, ekipe tajiri kuliko zote za kusini. Raja na AS FAR za Morocco zilikuwa katika kundi lilelile. Hatukuvuka, na matusi kwa vijana hayakukosa. Lakini mechi za «nyumbani» zilichezwa wapi? Kinshasa. Mchezaji wa Kindu alisafiri kwa ndege ili acheze nyumbani, na shabiki wa Mikelenge alimsikiliza kwa simu. Nani kati yetu aliweka hiyo katika hesabu ya pointi?

Najua majibu. La kwanza: Mbemba na wenzake wanalipwa Ulaya, wanataka nini tena? Sawa. Lakini ekipe si watu 11 wa Ulaya. Kuna vijana wa ligi yetu, walewale waliotuletea CHAN mwaka 2009 na 2016. Kuna daktari, kuna mwenye kufua jezi. Hao hawana klabu ya Ulaya ya kuwafuta machozi. La pili ni zito zaidi: nchi iko katika vita, pesa iende kwa wakimbizi. Hapa Maniema tunajua uzito wa neno hilo, tunawapokea ndugu zetu nyumbani. Na tukumbuke, tarehe 7 Februari 2024, wakati wa wimbo wa taifa, ni vijana walewale walifunika midomo na kuweka vidole kichwani mfano wa bunduki, ili dunia ione mauaji ya mashariki. Hiyo hakuna mkataba uliwaomba. Lakini kuandika mkataba hakuongezi hata franga 1. Mkataba unafanya pesa ionekane: imetoka wapi, imefika kwa nani. Pesa yenye haionekani njo inapotea, na ikipotea haiendi kwa mkimbizi.

Basi tuombe mambo matatu, sauti moja. Moja: primu za Léopards ziandikwe, zisainiwe na zitangazwe mbele ya shindano, kwa mchezaji na kwa mwenye kufua jezi. Mbili: Kindu ielezwe ni kazi gani inabaki ili uwanja wetu ukubaliwe kwa mechi za Afrika, nani ataifanya, na lini. Tatu: kila mchezaji wa ligi yetu awe na mkataba wa maandishi, na nakala abaki nayo mkononi. Ku karieri tumejifunza kwamba karatasi yenye kubaki kwa mkubwa peke yake si karatasi.

Tuendelee kubishana. Tumpime Mbemba, tumpime Desabre, tuseme nani amezeeka na nani akae kwenye benchi. Hiyo ni haki yetu na ni utamu wetu. Lakini kisha kuhesabu mabao, tuongeze swali moja kwenye kila kijiwe cha Kindu: hawa vijana wamelipwa? Swali hilo likipigwa kelele sawa na penalti ya Mbemba, mwaka 1974 hautarudi.