Hofu ya Pate Haihitaji Jini Mwenye Pembe

Mwandishi mmoja ameshauri kwamba anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha Lamu ayajaze magofu ya Pate majini wenye pembe, kwani eti nyumba tupu haimtishi mtu. Nampinga kwa dhati.

Filamu ya The Haunting, aliyoiongoza Robert Wise mwaka 1963 kutokana na riwaya ya Shirley Jackson ya 1959, haionyeshi mzuka hata mmoja. Vishindo ukutani, kisha mlango wa mbao unabenuka kuelekea ndani kana kwamba unasukumwa: hayo yalitosha.

Kwetu, mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alishaijua siri hiyo. Katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, kinachotisha kwenye majumba ya matajiri wa Pate si jini. Vidaka vilivyopambwa kwa sahani za kaure vimekuwa viota vya ndege. Popo wananing'inia ndani. Wenye nyumba walikuwa na kila kitu, na wote wameingia kaburini.

Ushauri wa pembe za bandia ukifuatwa, tutachekesha watoto na kuupoteza utisho tulionao tayari. Anayekwenda Pate na kamera auchukue kwanza utenzi huo, ausome mpaka umwingie.