Bodi Isemapo, Kompyuta Isisikie

Katika nyumba nyingi siku hizi hukosi kijana mwenye kijibodi cha Arduino, kile cha ukubwa wa kiganja kilichobuniwa Ivrea, nchini Italia, mwaka 2005 ili wanafunzi wajifunze elektroniki kwa gharama ndogo. Hukitumia kupima joto, kuwasha taa, kupima maji ya tangi. Kisha huja siku akasema: “Baba, bodi imeharibika, haisikilizani na kompyuta.” Na mzazi, kwa kumwonea imani mwanawe, hutia mkono mfukoni akanunua nyingine. Nataka kumzuia mzazi huyo kwa juma moja tu, kwani mara nyingi bodi ni nzima. Kilichovunjika ni mapatano baina yake na kompyuta.

Viwili hivi husemezana kwa biti moja baada ya nyingine, waya mmoja wa kusema na mmoja wa kusikia. Mafundi huyaita mawasiliano ya siriali. Hapana waya mwingine wa kuwapigia mdundo wa pamoja. Ni mfano wa imla ya chuoni: mwalimu husoma kwa mwendo wake, na mwanafunzi sharti aandike kwa mwendo uo huo, ila hapa mwanafunzi hamwoni mwalimu wala hawezi kumwambia “rudia.” Mwendo huo hupimwa kwa baudi, neno lililotokana na jina la Émile Baudot, Mfaransa aliyekuwa mhandisi wa telegrafu katika karne ya 19. Kwa kasi ya 9600, kila biti hudumu takriban sehemu 104 za milioni za sekunde, na kila herufi hubebwa na biti 10: moja ya kufungua, nane za herufi yenyewe, na moja ya kufunga. Saa ya mpokeaji ikikhitilafiana na ya mtumaji kwa asilimia 5 hivi, afikapo biti ya mwisho keshapotea.

Kwa hiyo kijana akiona alama zisizosomeka, na atazame kwanza kama kasi iliyoandikwa katika programu ya bodi ndiyo iliyochaguliwa kwenye kompyuta. Upande mmoja 9600 na wa pili 115200 hawataelewana milele. Akiona kimya kitupu, na abadilishe kebo. Kebo nyingi za simu zina nyaya za kuchajia tu, hazina za kupitishia habari, na kwa macho hazitofautiani. Sisi wa pwani tuna na hewa ya chumvi, ambayo huzilia plagi kutu. Aangalie pia kama kuna programu nyingine iliyoishika njia hiyo, au kifaa kilichochomekwa kwenye pini 0 na 1 za bodi ya Uno, kwani pini hizo ndizo zitumikazo pia kuzungumza na kompyuta. Na asishangae maneno ya mwanzo yakipotea: Uno hujiwasha upya kila kompyuta ifunguapo njia, basi ingojewe sekunde mbili kabla ya kuambiwa neno.

Hayo ni maradhi yanayojitangaza. Linalonitia hofu ni lile lisilojitangaza.

Chukua tangi lenye kimo cha sentimita 200, na bodi inayotuma kimo cha maji kila sekunde. Maji yako 187. Bodi yatuma 1, 8, 7. Kompyuta, kwa haraka yake, yasoma kilichokwisha kufika, nacho ni 1 na 8. Basi yaamini kuwa maji ni sentimita 18, na kwa kuwa imeagizwa kuwasha pampu maji yakishuka chini ya 20, yaiwasha. Tangi limejaa, maji yamwagika ukutani, na kisima kikikauka pampu huzunguka bila maji hadi iungue. Hakuna herufi ya ajabu iliyoonekana. 18 ni nambari safi kabisa, ila ni ya uongo.

Dawa yake ni kila ujumbe uwe na mwisho unaojulikana. Bodi ifunge kila kipimo kwa alama ya mwisho wa mstari, na kompyuta isiamini kitu mpaka iione alama hiyo. Ziada ya hapo, tarakimu zijumlishwe na jumla itumwe pamoja nazo: 187, kisha 16. Kompyuta ijumlishe yenyewe, na zisipolingana itupe ujumbe mzima. Kinga hii si kamili, maana 178 nayo hutoa 16, na mafundi wana hesabu kali zaidi. Lakini kwa tangi la nyumbani ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa na chochote. Kisha pampu isiwashwe kwa kipimo kimoja, bali kwa vitatu vinavyokubaliana, na kimya kikizidi sekunde 10 izimwe.

Wakati mwingine makosa huanza pale pale pampu inapowaka. Hapo waya wa habari umelazwa ubavuni mwa waya wa umeme wa pampu; utengwe mbali nao. Na tangi likiwa juu ya paa huku kompyuta iko chumbani chini, kebo ya USB haifai kuvutwa tu: kipimo chake cha kawaida hakizidi mita 5. Kwa masafa kuna utaratibu uitwao RS-485, uliokusudiwa kazi hiyo, ambao kwa kasi ndogo hufika hata mita 1,200. Wala pasiwe na tamaa ya kasi. Tangi halijai kwa mwendo wa umeme, na 9600 yatosha.

Kabla pampu haijaunganishwa, bodi iachwe usiku kutwa ikituma hesabu: 1, 2, 3, kila sekunde. Kwa saa 8 ni nambari 28,800. Asubuhi kompyuta iulizwe ni ngapi zimekosekana, na saa ngapi. Zilizokosekana zikiwa pamoja katika dakika moja, mtu atafute ni kitu gani cha umeme kiliwashwa dakika hiyo. Zikiwa zimetawanyika usiku mzima, aanze na kebo. Mpaka usiku mmoja upite bila pengo, pampu iendelee kuwashwa kwa mkono.