Tumbo Linapolalamikia Sindano ya Uzani



Iko sindano iingiayo majumbani mwetu siku hizi kwa siri, ikafichwa ndani ya friji nyuma ya chupa za achari. Dawa yenyewe ni semaglutaidi, na huuzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa wagonjwa wa sukari. Ya pili mwaka 2021 kwa wenye uzani uliopita kiasi. Hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki. Sina neno na aliyeandikiwa na daktari, kwani unene uliokithiri ni maradhi, na kujitibu tumehimizwa. Neno langu ni kwa yule anayetaabika na tumbo akanyamaza.

Dada mmoja ameniletea swali. Kila adungwapo hutapika siku mbili. Mumewe hana habari. Harusi ya wifi yake imekaribia, na aliyemuuzia dawa amemshauri aongeze kipimo ili apungue upesi. Jawabu langu ni kwamba asiongeze, na aende kwa daktari wiki hii.

Afahamu kwanza kinachompata. Dawa hii huiga homoni ambayo utumbo huitoa baada ya mtu kula. Huupa ubongo habari ya shibe, na hulichelewesha tumbo kukiteremsha chakula. Ndipo sahani ya biriani ambayo zamani ingeshuka bila ya taabu, sasa hukaa tumboni ikaleta kichefuchefu, kiungulia na mbweu mbaya. Katika utafiti mkubwa wa dawa hii kwa wenye unene, takriban watu 44 katika kila 100 walipata kichefuchefu. Aghlabu taabu hiyo huja dawa inapoanzwa na kila kipimo kinapopandishwa, kisha hupungua mwili ukishazoea. Kwa sababu hiyo madaktari huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, ndipo wakapanda daraja kwa daraja. Anayetapika siku mbili hapandishwi. Yamkini daktari atamshusha.

Chakula nacho kipunguzwe. Ale kidogo kidogo, polepole, na aache mara tu ahisipo shibe, hata kama sahani haijesha. Vya mafuta mengi na nazi nzito ndivyo vinavyokaa zaidi tumboni. Asilale papo hapo baada ya kula. Chai ya tangawizi huwafaa baadhi ya watu. Aliyefunga choo azidishe maji, papai na mchicha, na atembee. Aliyetapika au kuhara anywe maji ya chumvi na sukari kwa mafunda madogo: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Najua ugumu uko wapi. Kwetu Pwani mkwe akikusogezea sinia, kukataa ni kama kumvunjia heshima, nawe huwezi kusema kwa nini huli. Siri hiyo ndiyo inayowalisha wengi kupita wanavyoweza. Wakwe na waume, mtu akisema ameshiba, msadikini.

Tena siri hiyo ina hatari kubwa kuliko aibu ya mezani. Anayekwenda kupasuliwa asipomwambia daktari wa nusukaputi, chakula kilichobaki tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa hana fahamu. Na maumivu makali ya tumbo yasiyokatika, hasa yakienda mgongoni, huenda ikawa ni kongosho limevimba. Macho yakiwa manjano, huenda ni vijiwe vya nyongo. Pia ikiwa hata maji hayakai tumboni, au mkojo umekuwa haba na mweusi, figo zimo hatarini. Kwa dalili yoyote katika hizi, apelekwe hospitali usiku huo huo, na dawa itajwe kwa jina lake. Basi mume ajue mapema, maana ndiye atakayeendesha gari.

Kuhusu saumu, sindano hii si lishe, na kudungwa chini ya ngozi hakubatilishi. Kutapika bila ya kukusudia hakubatilishi pia. Bali atiaye kidole kooni ili apate nafuu, saumu yake imebatilika na atailipa. Aliyetapika au kuhara hadi akadhoofika ni mgonjwa, na Sharia imemruhusu afungue, alipe siku nyingine. Futari yake iwe tende, maji na uji mwepesi. Viazi karai na kaimati avionje tu, kisha anywe maji kidogo kidogo hadi daku. Na amwone daktari mwezi wa Shaabani, amwombe kupandishwa kipimo kusiangukie ndani ya Ramadhani.