Hela ya kwenda Kampala isikatwe zaidi kuliko ya kwenda Mumbai

Na Rehema Mbwana

Hesabu za fedha ambazo wafanyakazi wanatuma nje zikitoka, tunakimbilia swali moja tu: nchi ipi imetuma nyingi? Mwaka 2022 Marekani iliongoza kwa karibu dola bilioni 79, ikafuatiwa na Saudi Arabia kwa bilioni 39 hivi, kisha Uswisi kwa takriban bilioni 32.

Lakini kwa Marekani hizo hazifiki hata nusu ya asilimia 1 ya pato la taifa. Za Saudia zinapita asilimia 3, na si ajabu, kwani sensa ya 2022 ilionyesha kuwa wakazi wanne na zaidi katika kila kumi si raia. Mtu ambaye mkataba ukiisha anarudishwa kwao hanunui kiwanja Riyadh. Anajenga Machakos au Muheza. Dada wa kazi kutoka Kenya anayelipwa riyali 900 hivi kwa mwezi, anayekula na kulala kwa bosi wake, anaweza kutuma karibu mshahara wote. Nesi wa Texas anayemzidi kipato kwa mbali analipia kwanza nyumba, gari na bima, ndipo afikirie cha kumtumia mama.

Uswisi je? Kila asubuhi watu zaidi ya laki tatu wanatoka Ufaransa, Italia na Ujerumani kwenda kazini upande wa pili wa mpaka, Geneva, Basel, Ticino, na baada ya kazi wanarudi makwao. Mishahara yao imo kwenye hesabu hizohizo. Anayekula chakula cha jioni na wanawe amewekwa kapu moja na mama ambaye hajawaona wake tangu apande ndege. Orodha ya namna hiyo hainisaidii kitu.

Mimi nauliza: katika kila dola 200, ngapi zinaishia njiani? Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 makato yasizidi asilimia 3, yaani dola 6. Kutoka Falme za Kiarabu kwenda India, mara nyingi hayafiki asilimia 5. Kutoka Tanzania kwenda Uganda, vipimo vya Benki ya Dunia vya miaka ya karibuni vimewahi kupita asilimia 20. Dola 40 zimekwenda, na mpakani Mutukula mtu anavuka kwa miguu!

Ada inayoonekana kwenye simu ni ndogo. Makato makubwa yamejificha kwenye kubadilisha fedha. Mwalimu wa Kiganda anayefundisha shule binafsi Dar es Salaam anatuma, anaona kakatwa kidogo, anashukuru. Ndugu yake aliyeko Masaka ndiye anayempigia kumwambia kilichofika, na hapo ndipo anapojua shilingi yake imegeuzwa kwa bei gani. Safari nyingine anampa bahasha dereva wa basi. Simlaumu hata kidogo, ingawa bahasha ikipotea hana wa kumshtaki, na ikifika haiingii kwenye takwimu za mtu yeyote.

Marekani ilipopitisha kodi ya asilimia 1 kwa fedha taslimu zinazotumwa nje, inayotozwa tangu Januari 2026, tulipiga kelele, na tulikuwa na haki: ni kutoza jasho lililokwisha kutozwa. Ila hizo ni dola 2 katika 200. Za kwetu ni 40, na tumenyamaza.

Benki kuu za Kenya, Tanzania na Uganda zina mfumo wa kulipana kwa sarafu zao zaidi ya miaka kumi sasa, lakini mwalimu yule haumfikii. Ziwaagize watoa huduma wamwonyeshe mtumaji, kabla hajaweka namba ya siri, kiasi kamili kitakachopokelewa kwa shilingi za huko. Kisha ziweke kikomo kwa faida ya kubadilisha fedha. Agizo kama hilo halisubiri mkutano wa marais. Gavana anaweza kulisaini wiki hii.