Mtawa wa Miaka 128 na Babu Zetu wa Kubuni

Video ya Swami Sivananda, mtawa wa Kihindi, bado inarushwa kwenye simu za Buyenzi, hapa Bujumbura. Kizee chembamba, peku, kinaingia ikulu ya New Delhi Machi 2022 kupokea nishani ya Padma Shri, kinapiga magoti mbele ya Waziri Mkuu Modi. Pasi yake ilisema alizaliwa 1896. Alipofariki Mei 2025 ikatangazwa kwamba ameondoka na miaka 128, kwa baraka za yoga, chakula kisicho na mafuta na moyo uliotulia. Barazani hukumu hutoka hapo hapo: ndivyo walivyoishi babu zetu, miaka mia na ishirini, roho zao safi, sisi simu zimetumaliza.

Maneno hayo si kweli, na kuyanyamazia kwa heshima kumetosha.

Binadamu aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa hati zilizokaguliwa ni Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122. Hakuwa mtawa, na sigara aliivuta hadi uzeeni kabisa. Umri wa Sivananda haukuwahi kuthibitishwa hivyo. Hata penye madaftari watu huzidishwa miaka. Mwaka 2010 maofisa wa Tokyo walikwenda kumpongeza Sogen Kato, aliyehesabiwa kuwa mwanamume mzee kuliko wote jijini, miaka 111. Polisi ndio waliomkuta kitandani amekauka, amekufa miaka kama thelathini kabla, na pensheni yake ilikuwa ikiendelea kuliwa.

Sasa njoo kwetu, ambako mwaka ulioandikwa kwenye karangamuntu (kitambulisho) ya mzee mara nyingi ulikadiriwa kwa mvi, kwa umri wa watoto wake na kwa jina la mwami, yaani mfalme, aliyetawala. Kuna wanaosimulia kwamba babu yao, aliye hai, alimwona Mwami Mwezi Gisabo kwa macho yake. Mwezi alifariki 1908. Mtoto wa miaka mitano siku ile leo angekuwa anagombania nafasi na Calment. Simlaumu mzee, heshima huongeza miaka, na anayepiga hesabu mbele yake huonekana hana adabu.

Babu zetu halisi waliishi vingine. Mwaka 1960, mtoto aliyezaliwa Burundi alitarajiwa kuishi miaka arobaini na kidogo; leo ni zaidi ya sitini. Wastani ule ulishushwa na vifo vya watoto: surua, malaria, kuhara, pepopunda. Hata juzi tu, utafiti wa 2010 ulikuta watoto 96 katika kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2016 na 2017 ukakuta 78. Mama aliyezaa tisa akabaki na watano hakupungukiwa na sala. Alikosa chanjo, chandarua na matibabu ya bure ambayo watoto wa chini ya miaka mitano walianza kupewa 2006. Sisi tunawakumbuka waliofika uzeeni, kwa sababu hao ndio waliokaa barazani kutusimulia.

Atatokea wa kunitajia Nabii Nuhu na miaka yake 950. Kurani inaitaja miaka hiyo kuonyesha alivyowavumilia watu wake. Haikuandika alikula nini. Mtume Muhammad (s.a.w.) alifariki na miaka 63, na sijamsikia mtu Buyenzi akipima ucha Mungu wake kwa hiyo 63. Wahindi wenyewe wangetufunza: mtawa Yogananda, ambaye kitabu chake cha 1946 kilieneza habari za Babaji, mtawa asiyezeeka, alifariki na miaka 59. Mtawa mwingine, Vivekananda, hakufikisha arobaini.

Ingekuwa hadithi tu ya kahawa ningeiacha. Lakini mtu anatazama video ile saa saba usiku, asubuhi anaweka vidonge vya presha kando, eti ni sumu ya wazungu, pumzi ndefu na tangawizi zinatosha. Tuliyaona Loliondo, Tanzania, 2011: wagonjwa walipanga foleni ya kilomita nyingi hadi Samunge kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu Mwasapile, na wengine wakaacha dawa za kurefusha maisha za UKIMWI. Kuvuta pumzi kwa utulivu ni kuzuri, na anayetaka avute. Kipimo cha presha nacho ni teknolojia kama simu, ingawa hicho hakuna anayekirusha kwenye vikundi vya WhatsApp.